Kumpenda aliyekuumiza: Biblia inadai nini, na haidai nini

Kuna amri ya Yesu ambayo husomwa sana makanisani na kufafanuliwa kidogo. Ni ile ya kuwapenda maadui, iliyoko Mathayo sura ya 5 na Luka sura ya 6. Ikisomwa Jumapili, wote tunaitikia amina. Jumatatu tukimkuta jirani amesogeza mpaka wa shamba hatua tatu upande wetu, ile amina hatuioni tena.

Hapa kwetu, kwenye nyanda za juu za Kigoma, amri hii haihusu watu wa mbali. Yupo aliyeamka asubuhi akakuta mahindi yake yamevunwa usiku. Yupo mama aliyekwenda kutafuta kuni akarudi ameumizwa. Wapo walioko Nyarugusu na Nduta ambao wanamjua kwa jina mtu aliyechoma nyumba yao. Na wapo wengi zaidi walioumizwa na watu wa karibu kabisa: mume, shemeji, kaka aliyeuza shamba la urithi kimya kimya, au mzee wa kanisa aliyesema uongo kwenye kikao.

Watu hawa wana maswali matatu. Nikimpenda, je, nimekubali aliyonitenda? Nikimshitaki, je, nimeacha kuwa Mkristo? Na kama moyo wangu bado unauma, je, msamaha wangu ni wa uongo? Katika makala haya tunajaribu kuyajibu, kwa Maandiko yenyewe na kwa mambo yaliyotokea karibu na sisi.

Upendo wa mikono

Waliomsikiliza Yesu kule Galilaya waliishi chini ya Warumi. Askari aliweza kumsimamisha mkulima njiani na kumlazimisha kubeba mzigo wake. Ndiyo asili ya lile neno la kulazimishwa kwenda maili moja nawe ukaenda ya pili. Kwa hiyo Yesu alipotaja adui, kila mmoja alijua anayesemwa, hata sura yake aliiona.

Sasa tazama alichowaagiza. Wawaombee wanaowaudhi, wawabariki, wawatendee mema, wasibague katika kusalimia. Yote hayo ni mambo ya kutenda. Hakumwagiza mtu afurahi anapomwona adui yake akija. Mtu anaweza kuyatenda yote manne huku moyo bado ni mzito, na bado akawa ametii. Tunalisema hili kwa sababu wengi wanajihukumu bure. Wameacha kulipiza, wanamwombea mtu aliyewaumiza, lakini kwa kuwa wakimwona bado wanashtuka, wanadhani hawajasamehe. Kushtuka ni kovu, na kovu halifutwi kwa amri.

Wazo hili ni la zamani kuliko Injili. Kutoka sura ya 23 inasema ukimkuta ng'ombe au punda wa adui yako amepotea, umrudishie mwenyewe; na punda wa mtu anayekuchukia akilemewa na mzigo, usimpite, umsaidie. Sheria haikumwuliza mkulima wa Israeli anajisikiaje. Ilimwambia ashike kamba ya mnyama. Na hebu tufikirie maana yake kijijini. Umemkuta mbuzi wa mtu mliyekosana anakula pembeni ya barabara ya Makere. Ukimrudisha, itabidi ufike uani kwake. Itabidi upige hodi. Yeye itabidi atoke, aseme neno, hata kama ni ahsante ya shingo upande. Mungu aliyetoa sheria hiyo alimjua vizuri mkulima: mnyama aliyepotea huwalazimisha watu wawili wasiosemezana kusimama mahali pamoja.

Paulo anafuata njia hiyo hiyo katika Warumi 12. Adui yako akiwa na njaa mlishe, akiwa na kiu mnyweshe, na kwa kufanya hivyo utampalia makaa ya moto kichwani. Maneno hayo ameyachukua kutoka Mithali 25. Wapo wanaoyapenda makaa hayo kuliko chakula chenyewe, wanapika ugali huku wakiomba moto ushuke. Hiyo ni laana iliyovaa aproni. Wafafanuzi wengi wa Biblia wanayaelewa makaa kuwa ni aibu inayomchoma mtu ndani hadi ageuke, na mstari unaofuata unawaunga mkono, kwani unazungumzia kuushinda ubaya kwa wema.

Ruyigi, ng'ambo ya Mabamba

Mwenye kuvuka mpaka kutoka Mabamba, wilaya ya Kibondo, hutokea Gisuru, na mbele yake ni mji wa Ruyigi. Wasikilizaji wetu wengi wana ndugu huko. Tunautaja mji huo kwa sababu ya mwanamke mmoja, Marguerite Barankitse, anayejulikana zaidi kama Maggy.

Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na Burundi ikaingia katika mauaji ya kikabila. Barankitse, Mtutsi, alikuwa mfanyakazi katika ofisi za askofu wa Kikatoliki hapo Ruyigi. Aliwaficha Wahutu waliokimbilia hapo. Tarehe 24 Oktoba wakaja wauaji, na wauaji hao walikuwa Watutsi, watu wa kabila lake. Walimfunga kwenye kiti, wakawaua watu 72 mbele ya macho yake. Aliyemudu kuwaokoa walikuwa watoto 25.

Angeweza kuondoka Ruyigi. Angeweza pia kuchagua watoto wa upande mmoja, na hakuna ambaye angemshangaa. Badala yake alianza kulea watoto wa Wahutu, wa Watutsi na wa Watwa chini ya paa moja. Kazi hiyo ikaitwa Maison Shalom, na kwa miaka iliyofuata ikawahudumia maelfu ya watoto, ikajenga hata hospitali mjini Ruyigi. Amesimulia mara nyingi hadharani kwamba imani yake ya Kikristo ndiyo iliyomfanya akatae chuki imwambie nani ni ndugu na nani si ndugu.

Kuna upande wa pili wa habari hii ambao mahubiri huuruka. Barankitse hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliwakemea wauaji, kabila lake au si kabila lake. Mwaka 2015, mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza ulipowafukuza watu wengi, wakiwamo waliofika Nyarugusu na Nduta, naye alipinga wazi na ikabidi akimbilie Rwanda, ambako aliendelea kuwahudumia wakimbizi wenzake. Upendo wake kwa waliomkosea haukumfunga mdomo. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo somo lilipo, kwa sababu makosa yetu mengi kuhusu amri hii yanaanzia kwenye kudhani kuwa mtu mwenye upendo ni mtu asiyesema.

Deni la siku mia

Petro alimwuliza Yesu amsamehe ndugu yake mara ngapi, akapendekeza saba. Alijibiwa kwa namba kubwa na kwa mfano, katika Mathayo 18. Mtumishi mmoja anadaiwa na mfalme talanta 10,000, anasamehewa. Anatoka nje, anamkaba koo mwenzake anayemdai dinari 100.

Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Basi dinari 100 si fedha ya mzaha: ni vibarua vya siku 100, zaidi ya msimu mzima wa palizi. Yesu hakusema mwenzako hakukukosea kitu. Amekukosea siku 100 za jasho lako. Lakini talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, kwa hiyo talanta 10,000 ni vibarua vya siku milioni 60. Mtu angefanya kazi kila siku bila Jumapili kwa zaidi ya miaka 160,000. Mfano huu unamwambia Mkristo aweke deni analodai kando ya deni alilosamehewa, kisha aamue.

Kusamehe, basi, ni kufuta deni katika daftari lako: nimeacha kukuwinda, sitakulipiza, sitamfundisha mwanangu kumchukia mwanao. Hilo unaweza kulifanya peke yako, hata mwenzako asijue. Kupatana ni jambo jingine. Kupatana kunahitaji watu wawili, na kunahitaji ukweli. Wachungaji na makatekista wetu wangetusaidia sana kama wasingeyachanganya haya mawili.

Daudi anatuonyesha tofauti hiyo. Mfalme Sauli alimwinda ili amwue. Mara mbili Daudi alimpata mikononi mwake: pangoni Engedi, alipokata upindo wa vazi lake tu, na usiku kambini, alipochukua mkuki na gudulia la maji. Mara zote mbili hakumgusa. Sauli akalia, akamwita mwanangu, akamwambia arudi, hatamdhuru tena. Ukisoma 1 Samweli 26 hadi 27 utaona Daudi alifanya nini. Alirudisha mkuki, kisha akashika njia yake. Hakurudi kulala nyumbani kwa Sauli. Alimsamehe kabisa, na hakumwamini hata kidogo, na hakuna mahali Maandiko yanapomlaumu kwa hilo.

Yusufu naye hakujitambulisha kwa kaka zake siku ya kwanza waliposhuka Misri kutafuta nafaka. Aliwapa chakula mara moja, maana njaa haisubiri. Lakini aliwapima kwanza, hadi alipomwona Yuda yuko tayari kubaki mtumwa badala ya Benyamini. Ndipo akalia mbele yao. Na Zakayo, alipookoka, alitaja fedha papo hapo: yeyote niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Aliyeuza shamba la urithi akaja kuomba msamaha mikono mitupu, huku bado anakula fedha ya shamba, ameleta nusu ya habari. Unaweza kumsamehe leo. Mazungumzo ya shamba bado yapo.

Funika kombe

Waswahili wana methali, funika kombe mwanaharamu apite. Kwa mambo madogo ni busara nzuri. Kwa jinai ni sumu, na inatuuma kusema kwamba mara nyingi hutumika kwa jina la upendo wa Kikristo. Binti amenajisiwa, wazee wa pande mbili wanakaa, mbuzi wawili wanatolewa, maombi yanafanyika, wanaambiwa wasameheane. Mwanamke amepigwa hadi kuvunjwa mkono, anaambiwa arudi kwa mumewe kwa kuwa upendo huvumilia yote.

Tusome Warumi bila kukata. Mwishoni mwa sura ya 12 Paulo anasema msijilipizie kisasi, mwachieni Mungu. Mistari michache mbele, mwanzoni mwa sura ya 13, anasema mamlaka ipo ili kumwadhibu mtenda mabaya. Paulo hakuandika kwa sura. Namba za sura ziliwekwa na watu karne nyingi baadaye. Ni hoja moja inayoendelea. Kisasi changu kinakatazwa, na kwa sababu hiyo hiyo kuna sheria. Anayekwenda polisi hajavunja amri ya upendo. Amekataa kushika panga mwenyewe.

Yesu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakurudisha, lakini aliuliza: kama nimesema vizuri, wanipigia nini? Paulo alipopigwa viboko Filipi bila hukumu, hakimu zikatuma neno aondoke kimya kimya, alikataa. Aliwataka waje wenyewe kumtoa gerezani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na chuki.

Zaidi ya hayo, kumfichia mtu jinai si kumpenda. Anayempiga mke leo atampiga kesho, na anayenajisi mtoto mmoja atatafuta mwingine. Kumsimamisha ni wema kwake pia. Kwa mambo ya namna hii lipo Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na wapo maofisa ustawi wa jamii. Namba 116 ni ya kutoa taarifa za ukatili dhidi ya watoto, na kupiga ni bure. Mama anaweza kumwombea mumewe kila usiku akiwa amehamia kwa dada yake. Maombi hayapungui nguvu kwa umbali.

Njia ya kwenda kwa mwenzako

Makosa mengi ya kijijini si jinai kubwa, na kwa hayo Mathayo 18 ina utaratibu mwepisi. Nenda kwake mkiwa wawili tu. Asiposikia, rudi na mmoja au wawili. Asiposikia, liambie kanisa. Tunaona watu wengi hapa Kasulu na Kibondo wanaufuata utaratibu huo kinyumenyume: kanisa zima linajua, kilabuni wanajua, kisimani wanajua, na wa mwisho kujua ni mkosaji mwenyewe. Mambo ya Walawi 19 inasema usimchukie ndugu yako moyoni bali umkemee waziwazi, na hapo hapo ndipo inapoamuru kumpenda jirani kama nafsi yako. Kuambiana ukweli ni sehemu ya amri yenyewe.

Kama ni ugomvi wa ardhi, wale mashahidi wawili wana cheo cha kisheria pia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaunda Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu saba, watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Kupeleka mpaka mbele ya watu saba wanaolijua shamba ni heri kuliko kuufukua usiku na jembe.

Na kama hata baada ya kanisa mtu hasikii, Yesu anasema awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Wengine hapo hupumua, wakidhani sasa wamepata ruhusa ya kuchukia. Lakini Yesu alikula na watoza ushuru. Unaweza kuacha kumkopesha mtu, ukaacha kushirikiana naye biashara, na bado ukamsalimia na kwenda kwenye msiba wake.

Kuna njia moja ambayo Mkristo hawezi kuipita. Mtoto ameugua, au maharage yamekauka, na moyo unamwendea yule mliyekosana mwaka jana. Kisha wanaitwa kamchape, au lambalamba kama wengine wanavyowaita, waje kumtoa mchawi. Tunajua vikundi hivi vimepita katika vijiji vingi vya mkoa wetu, na tunajua anayenyooshewa kidole mara nyingi ni bibi mzee asiye na mtu wa kumtetea. Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928, inakataza kumtangaza mtu kuwa mchawi. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, huko ni kulipiza kisasi kwa kosa ambalo halikutendeka, kwa mtu aliyekosea jambo jingine.

Asiyekuja kuomba msamaha

Swali linalobaki ni gumu kuliko yote, hasa kwa ndugu zetu wa makambini. Nyarugusu ipo tangu 1996, na Nduta ilifunguliwa tena Oktoba 2015. Wapo wanaowadai watu ambao hawatawaona tena. Wengine wamekufa. Wengine wako madarakani na hawana mpango wa kutubu. Unamsameheje mtu ambaye hajaomba?

Hapa tunamkumbuka Festo Kivengere, askofu wa Kianglikana wa Kigezi, Uganda, ambaye katika miaka ya 1940 na 1950 alifundisha shule huku kwetu Dodoma. Tarehe 16 Februari 1977 askofu wake mkuu, Janani Luwum, aliuawa na utawala wa Idi Amin. Kivengere na mkewe walitoroka kwa miguu milimani hadi Rwanda. Alieleza baadaye kwamba uchungu ulianza kumla, na kwamba Ijumaa Kuu ya mwaka ule, akiwa kanisani London, alisikia yakisomwa maneno ya Yesu msalabani ya kuwaombea waliomsulubisha. Akatambua kwamba maombi yale yanamhusu Amin pia, na kwamba asingeweza kuendelea kuhubiri akiwa na chuki ile. Akaandika kitabu ambacho jina lake lenyewe lilitangaza kuwa anampenda Idi Amin. Watu walikasirika.

Hata hivyo hakuacha kuueleza ulimwengu yaliyokuwa yakitendeka Uganda, wala hakuacha kuwatafutia wakimbizi msaada. Hakurudi Kampala kumshika Amin mkono. Alirudi Uganda mwaka 1979, baada ya majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda kumwondoa Amin, akaendelea na kazi ya uaskofu Kabale, katikati ya watu waliokuwa wakitafutana kulipiza visasi. Alifariki Nairobi mwaka 1988. Amin aliishi miaka kumi na mitano zaidi, na alifia uhamishoni Jeddah tarehe 16 Agosti 2003.